Askari anapokusimamisha njiani, kila mmoja ana amana yake

 

Ndugu msomaji, makala hii ilitakiwa niiandike muda mrefu uliopita. Sikuiandika kwa sababu inanigusa mwenyewe, na mwanadamu ni mwepesi wa kuandika makosa ya wenzake kuliko ya kwake. Leo naiandika, kwani jambo lenyewe linawagusa vijana wetu karibu kila siku katika miji yetu, nalo ni hili: askari akikusimamisha njiani, yeye anatakiwa aweje na wewe unatakiwa uweje?

Usiku mmoja wa Alhamisi, baada ya swala ya Isha, nilikuwa natoka kwenye darsa katika moja ya vitongoji vya jiji la Dar es Salaam. Nilivaa kanzu na kofia, na begani nilikuwa na mkoba wenye msahafu, vitabu viwili vya fiqhi na madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nayapeleka nyumbani kusahihisha. Nilifuatana na wanafunzi wangu watatu wa kidato cha nne. Tulipokaribia kituo cha daladala, askari wawili wa doria wakatumulika tochi usoni. Yule kijana zaidi akasema, "We shehe, simama hapo hapo. Umebeba nini humo?"

Swali lile lilikuwa na jibu jepesi: "Vitabu na madaftari, afande. Tazama." Mimi sikulitoa jibu hilo. Nilisema, "Ningekuwa nimevaa suti ungeniuliza?" Wanafunzi wangu wakacheka. Yule askari akaona ameaibishwa mbele ya watoto. Akaunyakua mkoba na kuumwaga chini, na msahafu ukaangukia mchangani.

Nilipandisha sauti. Sitayarudia hapa niliyoyasema. Askari wa pili, mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyeinama akauokota ule msahafu, akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati lake na kunikabidhi kwa mikono miwili. Jina lililoandikwa kifuani kwake lilikuwa la Kikristo. Akasema taratibu, "Mwalimu, tusameheane. Juzi hapa mtu kachomwa kisu, ndiyo maana tunasimamisha watu. Nendeni nyumbani salama."

Alitaja sababu. Mwenzake angeitaja sababu hiyo tangu mwanzo, au mimi ningeiuliza kwa adabu, mambo yasingefika pale.

Somo ambalo sikukusudia kulifundisha

Nilirudi nyumbani najiona mshindi. Wiki nzima shuleni nilisikia habari zangu zikisimuliwa: Ustadhi kawapa askari ukweli wao, Ustadhi haogopi mtu. Nikanyamaza, na ndani ya nafsi nikafurahi.

Haikupita miezi miwili, mmoja wa vijana wale watatu alisimamishwa jioni akiwa peke yake. Akayajibu maswali ya askari kwa maneno yale yale niliyoyasema mimi, kwa sauti ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa mwalimu, hakuwa na mtu wa kumtetea, na safari hii hakuwepo askari mtu mzima wa kutuliza mambo. Walipomshika mkono aliuvuta. Akapigwa makofi, akapakiwa kwenye gari na kulazwa kituoni. Akaachiwa kesho yake mchana bila kufunguliwa kesi yoyote, shavu limevimba. Asubuhi ile ndiyo siku aliyokuwa na mtihani wa moko.

Mama yake anauza vitumbua. Usiku ule alizunguka vituo vitatu kwa miguu akimtafuta. Aliponijia hakunilaumu. Alisema tu, "Ustadhi, mwanangu anasema kafanya kama ulivyofanya wewe."

Ndugu msomaji, waliompiga kijana yule walidhulumu, na hilo nitalieleza. Lakini na mimi nilikuwa na fungu langu katika jambo lile. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba ushujaa ni kumjibu askari njiani. Sikuwafundisha sheria inasema nini, wala Mtume (s.a.w.) alifanya nini, wala haki inadaiwa wapi.

Polisi si jambo geni katika Uislamu

Wapo miongoni mwetu wanaomwona kila askari kuwa ni adui. Chuki hii haikuzuka hivi hivi. Wapo wanaokumbuka Mwembechai, Februari 1998, ambapo watu walipigwa risasi na kufa. Wapo walioona jinsi Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ilivyowatia hofu Waislamu wengi, mtu akiona ndevu zake na kanzu yake vinatosha kumtilia shaka. Malalamiko haya yana msingi, na mwenye kuyadharau hawezi kutusaidia.

Hata hivyo, kazi yenyewe ya ulinzi wa raia si kazi haramu wala si mgeni kwetu. Katika Sahihi Bukhari, Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kuwa Qays bin Sa'd (r.a.) alikuwa mbele ya Mtume (s.a.w.) katika nafasi mfano wa mkuu wa askari mbele ya kiongozi. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa Khalifa alijulikana kwa kuzunguka Madina usiku. Kwa hiyo suala letu si kama askari awepo au asiwepo. Suala ni anaifanyaje kazi yake. Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, anaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Sare na pingu ni amana. Na utulivu wa mtaa nao ni amana iliyo mikononi mwako wewe raia.

Dhana inakatazwa kwa pande zote mbili

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (s.w.) anawaamrisha walioamini wajiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi, na anakataza kupelelezana. Aya hii huwa tunaisoma tukimfikiria askari. Tuisome pia tukijifikiria wenyewe.

Kwa upande wa askari, aya inakutana na sheria za nchi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa askari uwezo wa kukamata bila hati anapokuwa na sababu za msingi za kushuku kwamba mtu ametenda kosa. Zingatia neno hilo, sababu za msingi. Mtu anayekimbia dirishani usiku na televisheni kichwani ametoa sababu. Mtu aliyevaa kanzu, au kijana mwenye nywele za kusuka, au bodaboda aliyesimama kusubiri abiria, hajatoa sababu yoyote. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 15, inasema mtu hatakamatwa wala kunyang'anywa uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na Ibara ya 13 inataka mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia.

Hata kosa la "uzururaji", ambalo limejaza mahabusu watu masikini kwa miaka mingi, limeshatazamwa upya. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, ambazo nchi nyingi za Afrika zilizirithi kwa wakoloni, haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kukosa kazi na kukaa kijiweni si jinai inayomhalalishia mtu kupakiwa kwenye gari.

Kwa upande wa raia, tujiulize: je, kila anayetusimamisha ametudhulumu? Yule askari wangu wa Alhamisi alikuwa na sababu, mtu alichomwa kisu pale. Mimi nilimdhania kuwa ananichukia kwa kanzu yangu kabla hata sijamuuliza. Inawezekana nilikuwa sahihi na inawezekana nilikosea. Dhana ndiyo hiyo.

Tumtazame Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa alikuwa katika itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani, mkewe Bi Safiyya (r.a.) akaja kumtembelea usiku. Alipoondoka, Mtume (s.a.w.) akatoka naye kumsindikiza. Wakapita watu wawili wa Ansari, na walipomwona wakaharakisha mwendo. Mtume (s.a.w.) akawaambia wasiwe na haraka, akawajulisha kuwa mwanamke yule ni Safiyya binti Huyay. Wao wakastaajabu, vipi wamdhanie vibaya Mtume wa Allah! Akawaeleza kwamba shetani hutembea ndani ya mwanadamu kama inavyotembea damu, naye alichelea asije akatia kitu katika nyoyo zao.

Mbora wa viumbe hakuulizwa, na bado alieleza. Hakusema, "Mnanijua mimi ni nani?" Kuondoa shaka kwa maneno mawili hakukumpunguzia heshima. Basi mimi na wewe tunapungukiwa nini tukisema, "Naitwa fulani, natoka darsani, naelekea nyumbani"?

Askari anatakiwa aweje

Naandika haya nikijua wapo askari Waislamu wanaosoma gazeti hili kila Ijumaa, na wengine tunasimama nao safu moja.

Kwanza, jitambulishe na utaje sababu. Aliyevaa sare aseme anatoka kituo gani. Askari kanzu ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuonesha kitambulisho, kwani hata jambazi anaweza kusema yeye ni polisi. Na ukimkamata mtu, sheria inakutaka umwambie ni kwa kosa gani. Sentensi moja ya sababu ingezuia ugomvi mwingi.

Pili, chunga ulimi. Tusi halimo katika kifungu chochote cha sheria. Pale ambapo raia ndiye amekuwa mkali, kumbuka Hadithi ya mtu aliyekuja kumdai Mtume (s.a.w.) ngamia wake kwa maneno makali hadi Maswahaba wakataka kumshughulikia. Mtume (s.a.w.) akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha alipwe ngamia bora kuliko wake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kama mkuu wa dola ya Madina alivumilia sauti ya mdai, askari wa doria naye avumilie sauti ya raia aliyeshtushwa na tochi usoni.

Tatu, nguvu iwe kwa kadiri ya haja tu. Sheria yetu inakataza kutumia nguvu, au kumdhalilisha mtu, kuliko inavyohitajika katika kumkamata. Umoja wa Mataifa nao, katika Kanuni za Maadili za watumishi wanaosimamia sheria za mwaka 1979, umesema nguvu itumike pale tu inapolazimu. Mtu aliyekwisha kutii hapigwi. Kofi analopigwa mtu aliyefungwa pingu haliitwi ukamataji, hiyo ni adhabu, na adhabu ni kazi ya mahakama.

Nne, upekuzi uwe na stara. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuchunga heshima yake. Dada aliyevaa nikabu akihitaji kutambuliwa, aitwe askari wa kike, pembeni, bila ya kukusanya watu. Na msahafu, Biblia au daftari la mtoto havimwagwi mchangani. Kikichukuliwa kitu katika upekuzi, kitolewe risiti.

Tano, ukikuta mtu hana kosa, mwache aende kwa maneno mazuri. "Samahani kwa usumbufu" haina gharama. Yule askari aliyepangusa msahafu wangu hakunipa kitu kingine zaidi ya hicho, na mpaka leo namuombea kheri na uongofu.

Raia afanye nini

Sasa tuje kwetu. Haya ndiyo niliyotakiwa kuwafundisha wanafunzi wangu.

Ukiambiwa simama, simama. Usikimbie hata kama huna kosa, kwa sababu kukimbia ndiko kunakompa askari ile sababu aliyokuwa hana. Mikono yako ionekane, usiitie mfukoni ghafla. Toa salamu. Taja jina lako, unakotoka na unakokwenda. Ni vizuri kutembea na kitambulisho, kiwe cha taifa, cha kura, cha shule au cha kazi.

Ukishajibu, una haki ya kuuliza, nawe uliza kwa sauti ya kawaida: "Afande, naomba kujua sababu ya kunisimamisha. Naomba pia jina lako na kituo chako." Ukishauliza, nyamaza usikilize. Katika Suratul Furqan, aya ya 63, Allah (s.w.) anawasifu waja wake ambao wajinga wakiwasemesha hujibu kwa maneno ya salama. Aya haikusema wanakosa haki zao. Imesema namna wanavyojibu.

Akitaka kupekua na wewe huoni sababu, sema kwa mdomo kuwa huridhiki, lakini usipambane kwa mikono. Simama uone kila kinachotolewa. Kama kuna mtu mzima karibu, muombe awe shahidi. Wengi waliolalamika kubambikiwa vitu wanasema walipekuliwa gizani, peke yao, bila kutazama.

Ukiambiwa umekamatwa, nenda. Uliza ni kwa kosa gani na unapelekwa kituo gani, kisha mwambie uliyefuatana naye awajulishe nyumbani. Ukifika kituoni una haki ya kuomba kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Muda wa kawaida wa kumhoji aliyezuiliwa ni saa nne, na ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Usitie saini maelezo ambayo hujayasoma au hujasomewa. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani mapema, na kama haiwezekani ndani ya saa 24 na kosa lenyewe si zito, apewe dhamana. Dhamana haiuzwi.

Nanyi mnaofuatana naye, au mnaopita njia, msifanye kundi la kuzomea. Zomea zenu atazilipa yeye mkishaondoka. Kazi yenu ni kutazama na kuandika: saa ngapi, mahali gani, namba ya gari, namba au jina la askari, nani alikuwepo.

Kitu kidogo

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wetu tunaijua. Unamkunjia askari noti mkononi, mnaachana kwa tabasamu. Tena wapo wanaoswali safu ya mbele wanaoona hiyo ndiyo busara ya mjini.

Katika Suratul Baqara, aya ya 188, Allah (s.w.) anakataza kuliana mali kwa batili na kuzipeleka kwa wenye mamlaka ili kula sehemu ya mali za watu kwa dhambi. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wa rushwa, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inawaona wote wawili kuwa ni wakosaji.

Ubaya wa noti ile hauishii kwako. Ukiitoa leo bila kosa, umemfundisha askari kwamba kila mpita njia ni shamba la kuvuna. Kesho atamsimamisha mtoto wa muuza vitumbua ambaye hana noti, naye atakaa mahabusu mpaka mama yake akope. Ukiombwa, sema, "Afande, kama nina kosa nipeleke kituoni." Ukiweza, toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haina malipo.

"Ustadhi, unatufundisha uoga"

Nilipoyaeleza haya darasani, kijana mmoja alinyoosha mkono. Akasema, "Ustadhi, sasa unatufundisha uoga. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatuamrisha tusimamie uadilifu."

Ni hoja nzuri, na jibu lake nimelipata katika Sahihi Muslim. Hisham bin Hakim bin Hizam (r.a.) alipita katika nchi ya Sham, akawakuta wakulima wamesimamishwa juani. Akauliza wana nini. Akaambiwa wanazuiliwa kwa sababu ya kodi. Akashuhudia kwamba alimsikia Mtume wa Allah (s.a.w.) akieleza kuwa Allah atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri wa Palestina wakati ule, Umayr bin Sa'd, akamweleza Hadithi ile. Amiri akaamrisha watu wale waachiwe, wakaachiwa.

Tuizingatie Hadithi hii vizuri. Wale wakulima walikuwa watu wa nchi iliyofunguliwa, na walidaiwa kodi kweli, na bado kusimamishwa juani kulihesabiwa ni adhabu isiyofaa. Hapo askari ajue mipaka yake. Na Hisham (r.a.) hakupita kimya. Alikataa dhulma hadharani. Lakini hakuwarukia wale walinzi walioko barabarani. Alikwenda kwa mwenye uwezo wa kuamrisha, akiwa na hoja, na watu wakaachiwa. Je, huo ni uoga?

Njiani si mahakamani. Pale hakuna hakimu, hakuna shahidi aliyeapa, na mwenye silaha ni mmoja. Ukishinda maneno pale huondoki na hukumu mkononi, na ukishindwa unaweza kuondoka huna meno. Haki idai, idai kweli kweli, ila idai pale inapoweza kupatikana. Nabii Musa na Harun (a.s.) walipotumwa kwa Firauni, ambaye hakuna mtawala dhalimu kumzidi, waliamrishwa wamwambie maneno laini, kama ilivyo katika Surat Twaha, aya ya 44. Ulaini ule haukuwazuia kumtaka awaache huru Wana wa Israili.

Malalamiko yapelekwe wapi? Anza kwa mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamanda wa mkoa. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na Ibara ya 129 ya Katiba. Wapo mawakili na vituo vya msaada wa kisheria. Peleka barua, kwani maneno matupu hupotea. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, saa, mahali, kilichotendeka, nani aliona. Aliyeumizwa aombe fomu ya polisi namba 3 na apimwe hospitali siku hiyo hiyo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nilichokifanya

Mwenye kukosea mbele za watu na atengeneze mbele za watu. Nilisimama mbele ya darasa langu nikawaambia kuwa usiku ule wa Alhamisi nilikosea. Siyo kwa kumuuliza askari, kwani kuuliza ni haki yangu, bali kwa namna nilivyouliza, na kwa kuiacha sifa isiyo yangu ienee.

Kisha tukaandika barua. Tulikwenda kituoni watu wanne: mimi, mama wa kijana, imamu wa msikiti wetu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkuu wa kituo alitusikiliza, akaisoma barua mbele yetu, akaipokea kwa muhuri. Hatukupata yote tuliyoyataka. Tuliambiwa askari wahusika wameitwa na kuonywa, na mpaka leo sijaridhika kuwa onyo linatosha kwa kofi lile. Kijana alipewa nafasi ya kurudia mtihani wake. Mama yake alipotoka pale aliniambia kitu kimoja, kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kituo cha polisi bila kulia.

Walimu wenzangu wa madrasa na mashuleni, tunawafundisha vijana adabu ya kuingia msikitini, adabu ya kula na adabu ya kulala. Tuwafundishe na hii. Wazazi, kaeni na watoto wenu jioni moja muwaulize, "Askari akikusimamisha utasemaje?" Msikie wenyewe watakavyojibu. Maimamu, waalikeni wakuu wa vituo baada ya swala, waumini waulize na wao wajibu. Na ndugu zetu askari, mkumbuke kuwa kila mnayemmulika tochi ni mtoto wa mtu, na kuna mama anazunguka vituo kwa miguu.

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri nyumba zetu na mitaa yetu, awape uadilifu walinzi wetu, na atupe sisi ndimi zenye ukweli na upole kwa pamoja. Amin.

Wallahu a'alam.